SOMO LA AFYA: MZIGO WA MTOTO SAFARINI



Wamama wengi wa Mahagi-Port wanasafiri. Wengine wanapanda mlima kwenda soko au kuona wazazi upande wa Mahagi. Wengine wanapita ziwani kwa mtumbwi. Kabla ya kutoka, mama anafikiri sana juu ya mzigo wa samaki, lakini mtoto anabebwa tu kwa kikwembe kimoja. Somo la leo lina neno moja: mzigo wa kwanza kufungwa ni wa mtoto, tena ufungwe ili ukae mkavu.

1. Kwa nini mtoto anapata baridi njiani?

Hapa kando ya ziwa Albert tuko chini, karibu metre 620 juu ya bahari, na joto ni kali. Mji wa Mahagi uko juu, zaidi ya metre 1500. Kila unapopanda metre 1000, joto linapungua karibu digri 6.

Tuseme mama ametoka asubuhi, jua linawaka. Katikati ya mlima mvua inamkuta. Kikwembe kinalowa. Mama anatembea na mzigo kichwani, anatoka jasho, hasikii baridi. Lakini mtoto hatembei. Amekaa mgongoni ndani ya nguo ya maji, na upepo unampiga. Mwenzake anamwuliza:
"Mama, mtoto anaendelea namna gani?"
"Ametulia tu, amelala."
Angalia sana! Mtoto aliyepoa sana hana nguvu ya kulia. Kunyamaza kwake si usingizi kila mara.

2. Tuchague vitu gani?

Nguo. Nguo mbili nyepesi, moja juu ya nyingine, ni afadhali kuliko moja nzito, maana unaweza kupunguza kwenye joto na kuongeza kwenye baridi. Usisahau kofia na soksi. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa kwa mwili wake, na joto linapotea hapo. Chukua pia bulangeti ndogo na kikwembe cha pili.

Sasheti. Weka nguo za kubadilisha ndani ya sasheti ya plastiki isiyo na tundu, uifunge vizuri. Nguo kavu moja ndani ya sasheti inashinda nguo tano zilizolowa. Lakini usifunike uso wa mtoto kwa plastiki hata kidogo, atakosa pumzi.

Baashe. Kipande cha baashe cha kuwafunika ninyi wawili ni kizuri kuliko mwavuli, maana upepo wa mlimani unavunja mwavuli. Acha nafasi wazi mbele ya uso wa mtoto.

Bidoni. Chagua bidoni ndogo yenye kifuniko, isiyowekwa petroli wala dawa ya shamba zamani. Tia maji yaliyochemshwa. Usinywe maji ya ziwa hivi hivi. Kolera inapita humo. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 hahitaji maji. Maziwa yako yanamtosha, hata kwenye joto.

Pakiti 2 za SRO. Mtoto akiharisha njiani, changanya pakiti moja katika litre 1 ya maji safi. Yakibaki baada ya siku moja, uyamwage.

Chandarua. Mbu wa malaria wanauma usiku, na nyumba ya wageni pengine haina chandarua. Beba chako. Shona matundu kabla ya kutoka, na ukilala ukunje pembe chini ya mkeka.

Viatu. Usivae viatu vipya siku ya safari. Vivae kwanza nyumbani siku chache. Mama mwenye malengelenge anachelewa, na giza linamkuta njiani.

3. Kama unapita ziwani

Uliza jile ya kuokoa, yako na ya mtoto. Jile ya mtu mkubwa haimfai mtoto. Akianguka majini inatoka kwa kichwa. Jaribu hivi: mfunge mtoto jile, kisha uivute juu kwenye mabega. Ikipanda mpaka masikioni, ni kubwa mno. Bidoni tupu si jile, maana mkono ukichoka inaponyoka.

Ndani ya mtumbwi usimfunge mtoto mgongoni. Mtumbwi ukipinduka na wewe ukaelea chali, yeye atakuwa chini ya maji. Mshike mbele, bila kumfunga. Ukiona mtumbwi umejaa kupita kiasi, au wingu jeusi na upepo vinakuja, ngoja. Kulala siku moja ufukoni si haya.

4. Mtoto akipoa njiani

Gusa tumbo na miguu yake kila mara unapopumzika. Ukisikia baridi, fanya hivi:
a) Tafuta mahali pasipo na upepo.
b) Vua nguo zote zilizolowa, umpanguse.
c) Mweke kifuani pako, ngozi kwa ngozi, na kofia kichwani.
d) Mjifunike pamoja kwa kikwembe kikavu na bulangeti. Uso ubaki wazi.
e) Mnyonyeshe.
Kama hanyonyi, amelegea, au mwili haurudi kwenye joto, usiendelee na safari ya soko. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, ukimshika hivyo hivyo kifuani. Mtoto mwenye homa, kifafa au pumzi ya mbio apelekwe vilevile upesi.

5. Jioni kabla ya safari

Tandika mkeka, upange vitu vyote juu yake: nguo ndani ya sasheti, kofia, bulangeti, baashe, bidoni, SRO, chandarua, tochi na fishi ya mtoto. Mzigo ukiwa mzito, punguza samaki; nguo kavu usizipunguze. Sasheti ya mtoto ikae juu, mahali mkono unafika upesi. Iliyo chini ya mzigo haisaidii mvuani.

Maswali ya kukumbuka
1. Kwa nini mama anasikia joto na mtoto anapoa?
2. Utajuaje kama jile ni kubwa mno?
3. Katika mzigo wako, nguo kavu ya mtoto iko wapi?

Mama, ukiisha kusoma, msomee jirani asiyejua kusoma, kabla hajapanda mlima.