Tairi la Spea na Jeki kwa Gari la Kifahari: Mwongozo kwa Dereva Aendaye Mwamapalala

Barabara ya lami kutoka Lamadi hadi Bariadi ina urefu wa kilomita 72 hivi, na ile ya Bariadi kwenda Maswa inakaribia 50. Juu ya lami hizo Range Rover, BMW X5 au Land Cruiser V8 halikupi shida. Shida huanza unapoiacha lami na kushika njia za vijiji vya kata ya Mwamapalala, wilayani Itilima. Miiba ya migunga iliyokatwa kuzungushia mazizi huangukia njiani, na katikati ya changarawe kuna mawe yenye makali ya kuchana ubavu wa tairi. Mafundi pancha wapo na ni hodari, lakini kazi yao ya kila siku ni pikipiki, baiskeli, trekta na Fuso. Tairi la rimu ya inchi 21 au 22 usitegemee kulikuta dukani kijijini. Hata Bariadi huenda ukaambiwa uagize Mwanza.

Kwa hiyo wewe dereva uliyekabidhiwa gari la namna hii, na wewe bosi unayelimiliki: kabla ya safari hakikisheni gari lina tairi la spea linaloingia kweli, lina jeki inayolinyanyua kweli, na kwamba vyote viwili vimejaribiwa. Hilo la kujaribu ndilo linalosahauliwa kuliko yote, na ndilo ninalolisisitiza.

Fungua buti kwanza

Magari mengi ya kifahari ya siku hizi huuzwa bila spea. BMW X5 nyingi hutoka na matairi ya ubavu mgumu, yanayoweza kutembea bila upepo, kwa kawaida hadi kilomita 80 kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Ahadi hiyo ni ya barabara nzuri. Ubavu ukishachanwa na jiwe, isahau. Magari mengine huja na chupa ya gundi na pampu ndogo. Gundi huziba tundu la msumari kwenye uso wa tairi, haizibi ubavu. Mengine yana spea nyembamba ya muda, ambayo mara nyingi hutaka upepo wa psi 60 na haipaswi kupita kilomita 80 kwa saa. Inatosha kukufikisha gereji ya mjini, si kukutoa kwenye makorongo.

Magari yaliyotumika yanayotoka nje yana tatizo la ziada: mara nyingi huwasili bila jeki, bila wilispana, au bila ule ufunguo mdogo wa nati ya kufuli. Ufunguo huo ukikosekana, gurudumu halitoki hata ukiwa na spea mpya kabisa. Usikubali kuambiwa "vimo." Vitoe vyote, viweke chini, vihesabu.

Kwenye Land Cruiser V8 spea imening'inizwa chini, nyuma ya gari. Tope la mvua hukauka juu ya mtambo wa kuishushia, kutu ikaingia, na siku ya haja haushuki. Kila baada ya miezi mitatu ishushe, ioshe, paka mtambo grisi, pima upepo, kisha ipandishe.

Spea ya jirani haikufai

Wapo wanaosema: tukipata pancha tutaazima spea ya Prado la mradi. Haiwezekani. Land Cruiser V8 la toleo la 200 lina nati 5 zilizopangwa kwenye duara la milimita 150. Prado lina nati 6 kwenye duara la milimita 139.7, Porsche Cayenne lina bolti 5 kwenye duara la milimita 130. Hata BMW X5 kwa X5 hayalingani: toleo lililotoka 2018 lina duara la milimita 112, yaliyotangulia yana 120. Nunua rimu ya toleo lako hasa, kisha ivalishe kwenye gurudumu la mbele na izungushe kwa mkono, kwa sababu breki za magari haya ni kubwa na rimu ndogo hugusa kalipa. Kama gari lako linatumia bolti, uliza kama rimu ya spea inataka bolti za urefu ule ule.

Angalia pia kipenyo cha nje. Gari linaloendesha magurudumu yote manne huumiza boksi la transfa likitembea mbali na tairi moja lililo dogo kuliko mengine. X5 lenye 275/40R20 mbele na 315/35R20 nyuma lina bahati hapa: upana unatofautiana, lakini vipenyo vyote viwili ni kama milimita 728, kwa hiyo spea moja ya 275/40R20 yaweza kukutoa kijijini ikivalishwa mbele au nyuma.

Soma umri wa tairi ubavuni. Tarakimu nne za mwisho, tuseme 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Spea iliyokaa buti miaka kumi huonekana mpya huku mpira umeshakufa. Na kama gari halina shimo la spea, usiiache huru nyuma ya abiria. Gurudumu la inchi 20 lina uzito wa kilo 30 na zaidi. Lifunge kwa mkanda wa kukazia kwenye pete za sakafu ya buti.

Jeki na ubao wake

Maonesho ya kitaifa ya Nane Nane yalipofanyika Nyakabindi, Bariadi, mwaka 2018 hadi 2020, magari ya kifahari yalifika Simiyu kwa wingi. Lakini Agosti ni kiangazi, ardhi ni ngumu. Aliyejifunza njia hizi Agosti bado hajazijua. Wasukuma hutofautisha udongo kwa majina: luseni ni ule wa kichanga, na mbuga ni ule mweusi wa mfinyanzi unaopasuka nyufa wakati wa jua na kuvimba wakati wa mvua. Kwenye luseni jeki husimama. Kwenye mbuga iliyolowa jeki huenda chini badala ya gari kwenda juu.

Nililiona hilo Februari moja, jioni, tairi la nyuma likiwa limelala. Nilipampu jeki ya chupa mpaka ikafika mwisho. Gari halikusogea hata kidole, na kitako cha jeki kilikuwa kimezama chote. Mzee mmoja aliyekuwa akirudi na mkokoteni wa ng'ombe alisimama, tukaamkiana, akasema, "Mwanangu, hapa hata ng'ombe anazama." Akachomoa ubao mmoja wa mkokoteni wake. Tuliusukuma chini ya jeki, na mara ya pili gari likapanda.

Tangu siku ile nabeba ubao wangu: mbao ngumu, sentimita 30 kwa 30, unene wa sentimita 4 au 5. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika orodha hii, nami nauweka juu ya vyote.

Jeki ya mkasi inayokuja na gari ni ya sakafu ya saruji. Land Cruiser V8 lina uzito wa zaidi ya tani 2.5 kabla ya abiria na mizigo. Beba jeki ya chupa ya tani 4 au 5. Pima kama inaingia chini ya gari tairi likiwa halina upepo kabisa, na kama inanyanyua vya kutosha kuvalisha tairi lililojaa. Jeki ndefu ya shamba iache. Bampa za magari haya ni plastiki na haina pa kushika. Ongeza pampu ya umeme wa gari, kamba za kuzibia pancha, tochi, glovu na pembetatu za tahadhari.

Siku ya pancha

Tafuta ardhi ngumu hata kama ni kwa kujikokota mita chache. Shusha abiria wote, wakae mbali na gari. Kama gari lina springi za upepo, zima kujipima kwake au weka hali ya jeki kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, la sivyo gari litashuka au kupanda lenyewe likiwa juu ya jeki. Weka jiwe kwenye gurudumu la mkabala. Legeza nati nusu mzunguko kabla ya kunyanyua. Jeki ikae pale tu kitabu kinapoonyesha. Laza spea chini ya ubavu wa gari mpaka utakapoivalisha, ili jeki ikiteleza gari liangukie tairi, lisiangukie mkono wako.

Kaza nati kwa kuvuka, si kwa kuzunguka, na uzirudie baada ya kilomita 50. Tairi lenye tundu usoni lizibwe. Lililochanika ubavu linunuliwe jingine. Mpaka hapo, gari libaki kwenye lami, hata kama bosi ana haraka.