Mlezi wa shuleni na kijana aliye hatarini

Swali: Je, kumpa mwanafunzi mtukutu mlezi humwepusha na uhalifu?

Jibu: Huweza kumwepusha, ila nia njema haitoshi. Mradi wa Cambridge-Somerville, Massachusetts, uliwapa wavulana washauri kuanzia 1939. Mtafiti Joan McCord alipowafuatilia miaka 30 baadaye, hawakuwa wamewazidi wenzao wasiopewa washauri, na kwa mambo kadhaa walikuwa na hali mbaya zaidi. Lakini huko Chicago, programu ya Becoming a Man hukutanisha vijana kila wiki na mshauri aliyefunzwa, wajizoeze kutulia kabla ya kujibu uchokozi. Majaribio mawili, washiriki wakichaguliwa kwa bahati nasibu, yalionyesha kukamatwa kwa makosa ya ukatili kukipungua kwa karibu nusu. Mtapinga kwamba nafuu hiyo ilififia programu ilipokwisha. Ni kweli, na ndiyo maana nasisitiza: msianze na kijana ambaye mtamwacha muhula ujao.