HAKI TATU ZA JIRANI: SOMO KUTOKA NGOMENI

Wazee wetu husema kwamba jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Maneno haya kila mtu ayajua, lakini si wengi wanaokaa kitako na kujiuliza: Je, huyo jirani ana haki gani juu yangu? Leo twapenda kulieleza jambo hili kwa mfano wa kijiji kimoja cha pwani, nacho ni Ngomeni.

Ngomeni iko kaskazini ya Malindi, kupita Mambrui na Gongoni, juu ya rasi iingiayo katika Ghuba ya Ungwana. Huko hukaa Waswahili, Wabajuni na Wagiriama. Wako Waislamu, wako Wakristo, na wako washikao mila za wazee wao. Mambo makubwa ya dunia yamepata kufika mlangoni pao: tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na hapo, ikachukua angani chombo cha kuchunguza nyota kilichopewa jina la Uhuru. Lakini mashua isiporudi jioni, au mtoto akishikwa na homa usiku wa manane, mlango ubishwao kwanza ni wa jirani.

Haki ya kwanza ni ya MKONO. Mashua nzito haivutwi pwani na mtu mmoja, wala nyumba haiezekwi na mtu mmoja. Siku ya kukandika, huyu huchota maji, huyu hukanyaga udongo, na mwenye nyumba huwapikia wote. Waswahili huita kazi hiyo ujima, na Wagiriama huiita mweria. Leo twalima kwako, kesho kwangu. Hapana daftari lililoandikwa, lakini hesabu ipo vichwani mwa watu. Yule aliaye chakula katika mashamba ya wenzake, na siku ya zamu yake ya kulima asionekane, hatatukanwa na mtu. Ila majani yatakapolisonga shamba lake, atayang'oa peke yake.

Haki ya pili ni ya MGUU, yaani kufika. Wakati wa kusi bahari huchafuka, na mvuvi mwenye chombo kidogo hukaa siku nyingi bila kutoka. Hapo ndipo mtoto hutumwa nyumba ya pili na kikombe mkononi: "Shikamoo, mama. Mama asema, mwazimeni unga hata bahari itulie." Mama mwenye busara hujaza kikombe, wala haulizi maswali mbele ya mtoto. Pakiwa na msiba, jirani hangojei kuitwa. Waislamu huzika upesi, na mara nyingi ndugu walio mbali hawawahi. Basi anayeleta kuni na mkeka ni jirani, hata ikiwa dini yake ni nyingine. Na katika furaha ni vivyo hivyo. Asiye Mwislamu, akitaka karamu ya harusi yake iliwe na wote, humwomba jirani Mwislamu amchinjie mbuzi, ili mtu yeyote asikae kando ya sinia. Kurani Tukufu, katika Sura ya Nisaa, aya ya 36, yaamuru wema kwa jirani wa karibu na wa mbali. Na Injili ya Luka, sura ya 10, yaonyesha kwamba jirani ni yule aliyemhurumia majeruhi njiani, ijapokuwa alikuwa mtu wa taifa jingine.

Haki ya tatu ni ya ULIMI, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Mtu aweza kutoa unga na kuchimba kaburi, kisha akamwua jirani yake kwa neno moja. Katika sehemu nyingi za Kilifi, kwa miaka mingi, wazee wamefukuzwa makwao, na wengine wameuawa, kwa kusingiziwa uchawi. Mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo pana ugomvi wa shamba la urithi. Jambo lenyewe huanza kwa unyonge. Mtoto amekufa. Kisimani mmoja asema, "Yule mzee alipita hapa juzi." Wa pili aongeza kwamba mzee hakuamkia. Wa tatu aenda kwa mganga. Siku ya nne vijana wanoa mapanga. Ulimi hauna mfupa, lakini waweza kuvunja mifupa ya mtu.

Ni nani awezaye kuizuia habari hii? Ni yule wa kwanza aliyeisikia pale kisimani. Kwake neno lingali dogo, na laweza kuzimwa kwa swali moja: "Wewe umeona nini kwa macho yako?" Mtoto mgonjwa apelekwe hospitali mapema; ugomvi wa shamba upelekwe mbele ya wazee na chifu. Tena sheria haikunyamaza: Sheria ya Uchawi iliyotungwa mwaka wa 1925 iliweka kuwa ni kosa kumtuhumu mtu uchawi, isipokuwa kwa kupeleka habari kwa wenye mamlaka. Nywele nyeupe si ushahidi wa uovu, bali ni alama ya miaka ambayo mzee huyo amewafaa majirani zake.

Jina la Ngomeni lina neno ngome ndani yake. Ngome ya mawe hubomoka, lakini kijiji ambacho mzee hulala usingizi bila hofu kina ngome ya kweli.

MASWALI YA KUZUNGUMZA BARAZANI
1. Je, katika mwezi uliopita, ni jirani yupi aliyekupa mkono, nawe hujamrudishia?
2. Ukisikia mzee akitajwa kwa uchawi, utasema neno gani hapo hapo?
3. Ni ugomvi gani wa shamba mtaani kwenu ambao ungefaa kuamuliwa sasa, kabla haujageuka kuwa tuhuma?