Beringi ya Injini ya Boda Imekufa? Lipa kwa Hatua Tatu

Boda ikilala gereji, mapato ya siku hiyo yamelala pia. Na kama pikipiki ni ya mkopo, tarehe ya kulipa haisubiri. Ndiyo maana fundi akisema tu "beringi ya injini imekufa, tuma elfu nane," wengi hutuma papo hapo. Wiki mbili baadaye kelele ileile inarudi, na hakuna anayejua ile elfu nane ililipia nini.

Hebu tuone kazi yenyewe ilivyo, kisha namna ya kuilipia kwa simu ili ujue kila shilingi imeenda wapi.

Kwanza, ni beringi kweli?

Krenki ni ile shafti inayozungushwa na pistoni ndani ya injini. Kwenye boda nyingi za silinda moja, inashikiliwa na beringi mbili, moja kila upande. Zikiisha, utasikia mngurumo mzito chini ya injini, na unapanda ukiongeza mafuta hata kama pikipiki imesimama. Kelele inayosikika ukiwa barabarani tu, na kupotea ukisimama, huenda ni beringi ya gurudumu. Hiyo haihitaji injini kufunguliwa. Na ukisikia kugonga badala ya kunguruma, mwambie fundi aangalie konrodi pia.

Kabla injini haijapasuliwa, omba uonyeshwe vitu viwili:

- Oili ikimwagwa kwenye chombo safi, je, ina vipande vya chuma vinavyong'aa?
- Kifuniko cha magneto kikitolewa, fundi akiisukuma magneto juu na chini, je, inacheza? Inafaa izunguke tu, isitikisike.

Chuma kwenye oili peke yake hakitoshi, maana hata gia hulika. Lakini ukiwa na kelele, chuma na mchezo huo, basi una sababu ya kufungua.

Mbona kazi ni ghali kuliko spea?

Beringi ni ndogo, ila njia ya kuifikia ni ndefu. Injini inashushwa, kichwa, silinda, klachi na magneto vinatolewa, halafu kasha la injini linagawanywa mara mbili. Kwa hivyo bei ya kazi ikizidi bei ya spea, usidhani umeibiwa. Badilisha beringi zote mbili, weka gasketi na sili mpya. Ukibana hapo, utalipia kufunguliwa tena.

Angalia pia zinavyoingizwa. Fundi mzuri hupasha kasha joto ili beringi ikae bila vita. Akilazimika kugonga, anagonga pete inayokaza: ya nje ikiingia kwenye kasha, ya ndani ikiingia kwenye krenki. Akigonga pete isiyofaa, gololi zinaumia kabla boda haijatoka gereji. Mwisho, pampu na chujio cha oili zioshwe, la sivyo chuma kilichobaki kitakula beringi mpya.

Sasa lipa kwa hatua tatu

1. Uchunguzi. Patana bei ya kuangalia tu, na ulipe hiyo peke yake.

2. Spea. Lipa duka moja kwa moja kwa till yao, ukiwa umebeba beringi ya zamani. Soma nambari iliyochorwa kwenye pete. Kwa mfano, 6304 ina tundu la milimita 20, na 6305 la milimita 25, kwa hivyo hazibadilishani. Ikiandikwa C3, ina nafasi zaidi ndani ya kustahimili joto. Nunua C3 pia. Jina la duka likitokea kwenye simu, lisome kabla ya kuweka PIN. Likiwa jina usilolitarajia, simama uulize.

3. Kazi. Tuseme mmepatana 4,000. Tuma 1,500 akianza, na 2,500 injini ikishawaka, ikapata joto na ukaisikiliza mwenyewe. Chukua beringi za zamani uende nazo.

Kama boda ni ya mwenyewe mwingine, mtumie SMS za malipo siku hiyohiyo: zina kiasi, jina, tarehe na nambari ya muamala. Akitaka uhakika zaidi, toa taarifa ya akaunti yako, maana SMS inaweza kughushiwa. Hapo hamtagombana mwisho wa wiki.

Chunga mitego hii

- Mtu anapiga akisema ni wa duka la spea, anataka deposit haraka. Kata simu, umuulize fundi ana kwa ana.
- Umetuma kwa nambari isiyo sahihi? Omba kurudishiwa mara moja, kabla mpokeaji hajatoa pesa.
- PIN ni yako peke yako. Hata mikono ikijaa oili, ifute ubonyeze mwenyewe.

Beringi inayofuata isikupate mikono mitupu

Siku za kwanza endesha taratibu, na umwage oili mapema kama fundi atakavyokuelekeza. Kisha pima kiwango cha oili kila asubuhi, kwa sababu oili pungufu au chafu huua beringi haraka.

Na weka kando 50 bob kila siku ya kazi. Kwa siku 26 ni 1,300 kwa mwezi. Kwa miezi sita ni 7,800. Iweke kwenye akaunti ya akiba kwenye simu yako, tofauti na pesa ya matumizi, na uipe jina "Injini". Anza na pesa ya leo jioni.