Jina Lako Likikwama CRB: Vidokezo vya Kulikwamua

Afisa wa mikopo aligeuza kioo cha kompyuta ili nami nione. "Dada, hapa kuna shilingi elfu mbili na mia saba," akasema, akinionyesha mstari mmoja kwa ncha ya kalamu. Ulikuwa mkopo wa simu wa mwaka 2016, kwenye laini iliyopotea pamoja na mkoba wangu ndani ya matatu ya Likoni. Mezani nilikuwa nimepanga ramani ya vyumba viwili vya kupangisha, nakala ya hati ya kiwanja na karatasi za mshahara za miezi sita. Nilirudi nyumbani na bahasha yangu vilevile.

Tangu siku hiyo nimeketi na jamaa, majirani na wenzangu kazini, tukisoma taarifa zao za CRB, yaani mashirika ya taarifa za mikopo, mstari kwa mstari. Wengi wao walikuwa na nia ya kulipa. Kilichowaangusha ni kulipa wasichokijua, kwa mtu wasiyemjua, bila karatasi. Haya ndiyo ninayowaambia.

1. Soma taarifa yako kabla ya kutoa pesa

Kenya ina mashirika matatu ya taarifa za mikopo yenye leseni ya Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Una haki ya kupata taarifa yako bure mara moja kwa mwaka. Iombe kwa mashirika yote matatu, kwa sababu kuna nyakati deni husahihishwa kwa moja na kusahauliwa kwa jingine.

Kisha chukua daftari la shule, upige mistari ya safu nne: nani anadai, ulikopa kiasi gani, anadai kiasi gani leo, na ulilipa lini mara ya mwisho. Safu hiyo ya nne watu huiacha, nayo ndiyo itakayokufaa zaidi huko mbele.

Usichanganye taarifa na cheti. Cheti cha CRB ndicho wanachodai waajiri, pamoja na vile vya KRA (kodi), HELB (mikopo ya wanafunzi), EACC (maadili na ufisadi) na DCI (upelelezi wa jinai). Kwa miaka mingi watu wamekilipia Sh2,200, na wapo wanaokimbilia kukilipia huku deni bado liko pale pale. Safisha kwanza, cheti baadaye.

2. Pinga deni lisilo lako

Tafuta mambo matatu katika taarifa: deni ulilomaliza ambalo bado linaonekana bovu, deni usilolifahamu kabisa (kitambulisho chako huenda kilitumiwa na mtu mwingine), na deni dogo mno. Mnamo Aprili 2020 Benki Kuu ilizuia watu kuorodheshwa kwa madeni ya chini ya Sh1,000, na wakati huohuo ikaziondolea aplikesheni za mikopo zilizokuwa nje ya usimamizi wake ruhusa ya kupeleka majina CRB.

Malalamiko yaandike kwa shirika lenyewe la taarifa, uambatanishe risiti au ujumbe wa M-Pesa. Ni kazi yao kumuuliza mkopeshaji, na huhitaji wakala wa kukupelekea barua. Ukikuta mtu mtandaoni anakuahidi "kufuta CRB leo leo" kwa elfu tano, mkimbie. Rekodi hubadilika mkopeshaji anapopeleka taarifa mpya, na hakuna mlango wa nyuma.

3. Jua riba inaishia wapi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoumizwa zaidi.

Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika Mei 2007, kimeweka ukomo. Tuseme ulikopa Sh60,000 benki, ukalipa hadi salio likawa Sh40,000, halafu kazi ikaisha. Siku 90 zikipita bila malipo, mkopo huo unahesabiwa kuwa mbovu. Tangu hapo, riba inayoongezeka haiwezi kuzidi salio la siku ile, yaani Sh40,000. Hata miaka minane ikipita, benki haina haki ya kudai zaidi ya Sh80,000 pamoja na gharama ilizotumia kufuatilia deni.

Jirani yangu, fundi cherehani, alikuwa na deni la benki la mfano huohuo kabisa. Alipigiwa simu akaambiwa anadaiwa Sh134,000. Alikuwa tayari kuuza mashine yake ya kudarizi. Tuliketi barazani kwake, tukaandika barua ya mistari mitano. Haikuwa na kilio wala maelezo ya shida zake. Iliuliza tu: salio lilikuwa kiasi gani siku mkopo ulipokuwa mbovu, riba iliyoongezwa tangu siku hiyo ni kiasi gani, gharama za kufuatilia ni zipi moja moja, na kwa mujibu wa kifungu cha 44A jumla halali ni ngapi. Jibu lilipokuja, Sh134,000 zilikuwa zimekuwa Sh83,500. Mashine ya kudarizi haikuondoka.

Hakuna aliyemfanyia hisani. Benki yenyewe ilikuwa na hesabu hiyo, ila ilingoja kuulizwa. Ndiyo maana nasema omba mchanganuo kabla ya kuomba kupunguziwa. Ukianza kwa kuomba upunguziwe, utapewa nafuu juu ya hesabu isiyo halali, nawe utashukuru.

4. Hesabu miaka

Rudi kwenye ile safu ya nne ya daftari. Kwa Sheria ya Ukomo wa Kesi, mdai wa deni la kawaida la mkataba ana miaka 6 ya kwenda mahakamani. Lakini ukilipa hata Sh200, au ukikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yako, miaka hiyo huanza kuhesabiwa upya. Wakusanyaji wa madeni wanaijua sheria hii vizuri. Ile sauti ya upole inayokuambia "tuma tu kidogo kuonyesha nia njema" huenda inalifufua deni lililokwisha kupoteza nguvu ya kesi.

Sikuambii haya ili ujifiche. Kama pesa ulizitumia wewe, deni ni lako, na mimi naamini linapaswa kulipwa. Nakuambia ili uingie kwenye mazungumzo ukijua umesimama wapi. Tena kujificha hakukusaidii kwenye CRB: rekodi ya deni bovu hukaa miaka 5 kuanzia siku ulipomaliza kulipa. Aliyelipa mwaka 2020 alikuwa na haki ya kuwa safi mwaka 2025. Mwenzake aliyengoja deni life lenyewe hata hajaanza kuhesabu.

5. Deni lenye mdhamini litangulie

Washauri wengi wa pesa watakuambia uanze na deni lenye riba kubwa. Wengine watasema anza na dogo ili upate moyo. Kote kuna mantiki. Mimi nasema kama kuna deni la SACCO (chama cha akiba na mikopo) ambalo mtu mwingine alikutilia sahihi, anza na hilo.

Shangazi yangu, ambaye sasa ni mwalimu mstaafu, alimdhamini mwenzake wa shule moja huko Kilifi. Mwenzake aliacha kazi, akazima simu. Miezi michache baadaye shangazi aliniletea karatasi yake ya mshahara, amezungushia mstari mmoja kwa kalamu nyekundu, kalamu ileile ya kusahihishia vitabu vya watoto. Alikuwa anakatwa pesa za mkopo ambao hakuuona hata shilingi. Ada ya binti yake mwaka ule ililipwa kwa mbuzi wawili.

Baada ya miaka miwili, Jumapili moja alasiri, yule mwenzake alibisha hodi. "Shikamoo, Mwalimu," akasema, akabaki amesimama mlangoni. Mkononi alikuwa na Sh3,000 na daftari jipya. "Nimekuja tuandikiane." Shangazi alimwacha asimame kitambo, kisha akamwita mtoto alete kiti.

Deni kama hili halitaonekana katika taarifa yoyote ya CRB, kwa sababu SACCO ilishalipwa, na aliyelipa ni mdhamini. Liandike kwenye daftari lako juu kabisa. Ukiwa huna kitu, nenda hivyo hivyo useme huna kitu, umpe tarehe. Simu iliyozimwa humuumiza mdhamini kuliko makato yenyewe.

6. Patana, na mapatano yawe kwenye karatasi

Mkopeshaji aliyekata tamaa na deni huwa tayari kupunguza. Ushahidi upo: Novemba 2022, chini ya mpango wa Benki Kuu wa kuwakwamua wakopaji, benki zilikubali kusamehe angalau nusu ya mikopo mibovu ya simu ya muda wa siku 30 au chini yake, kwa waliolipa nusu iliyobaki kufikia mwisho wa Mei 2023. Mpango ule umepita, lakini umeonyesha kwamba nusu inazungumzika. HELB nayo imewahi kusamehe faini kwa wanaolipa deni lote kwa mkupuo mmoja, na faini yake si ya kuchezea: Sh5,000 kila mwezi. Kama bado una deni la chuo, ulizia msamaha kabla hujaanza kulipa faini.

Unapotoa ofa, taja kiasi ulicho nacho tayari mkononi. "Nina Sh25,000 leo, za kumaliza deni hili lote na kufunga akaunti" ina nguvu kuliko ahadi ya Sh50,000 kwa miezi ishirini. Usikubali kiwango cha kila mwezi ambacho kitakuangusha mwezi wa tatu, maana ukivunja mapatano, punguzo nalo huondoka. Wala usikope kwa aplikesheni moja ulipe nyingine. Wazee walisema: kukopa arusi, kulipa matanga.

Subiri barua au barua pepe inayosema wazi kwamba kiasi hicho kinamaliza deni lote, na kwamba CRB itaarifiwa. Neno la simu halitoshi, hata kama anayeongea ni mpole sana.

7. Pesa ziende kwa mdai mwenyewe

Lipa kwa nambari ya paybill ya mkopeshaji au kwenye akaunti yake. Usitume kamwe kwa nambari binafsi ya anayekupigia, hata akikuonyesha kitambulisho cha kazi. Kama hujui nambari, piga simu makao makuu ya mkopeshaji, uulize mwenyewe.

Hifadhi ujumbe wa M-Pesa, halafu uombe taarifa ya M-Pesa ya mwezi huo kwa barua pepe, kwa sababu simu huibwa na ujumbe hupotea. Omba barua ya kumaliza deni. Itie kwenye faili moja na vyeti vya shule.

8. Wakikutukana, andika tarehe na saa

Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kutisha, kutukana, kumwaibisha mdaiwa, au kuwapigia watu waliomo kwenye orodha ya simu yake bila idhini. Mama mkwe wako hahusiki na mkopo wako wa Sh4,000. Piga picha za ujumbe, uandike nambari na saa, upeleke kwa Benki Kuu. Kama wametumia majina kutoka simu yako, peleka pia kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Na anayesema polisi wako njiani anakudanganya: deni ni kesi ya madai, na mkusanyaji wa madeni hana mamlaka ya kumkamata mtu.

Kulalamika hakufuti deni. Endelea na mapatano huku malalamiko yakifanyiwa kazi.

9. Rekodi nzuri nayo huandikwa

Tangu kanuni za mwaka 2013, mikopo inayolipwa vizuri nayo hupelekwa CRB. Kwa hiyo ukishamaliza la zamani, kopa kidogo kwa mkopeshaji mwenye leseni, kiasi ambacho tayari unacho mfukoni, ulipe kabla ya siku. Rudia baada ya miezi michache. Usiombe kwa wakopeshaji watano wiki moja, maana kila anayechungulia taarifa yako huacha alama, na mtu anayeomba kila mahali huonekana ana dhiki.

Sheria haimkatazi mkopeshaji kumpa mkopo mtu mwenye historia mbaya. Uamuzi ni wake. Ndiyo maana barua ya kumaliza deni ni muhimu hata kabla ile miaka 5 haijakwisha: afisa akiona deni lililolipwa, pamoja na mikopo miwili mitatu iliyolipwa kwa wakati, ana cha kupeleka kwa meneja wake.

10. Rudi ukahakikishe

Mwezi mmoja baada ya kulipa, fungua tena taarifa yako. Mimi nilikuta Sh2,700 zangu zimeandikwa zimelipwa kwenye shirika moja, na bado ni mbovu kwenye jingine. Nilipeleka barua ya mkopeshaji na ujumbe wa M-Pesa, nikafuatilia mara mbili, ikasahihishwa. Yule afisa aliyenigeuzia kioo alikuwa bado yuko dirisha lilelile.

Na laini za simu: kabla hujaitupa laini, au ukishaipoteza, uliza kama ina mkopo. Laini iliyopotea hurudishwa kwa kitambulisho chako, kwa nambari ileile, kwenye duka la kampuni ya simu. Mimi ningeifufua yangu siku ileile niliyoipoteza, deni lingekuwa halijazidi elfu mbili.