Treni Haisimami Papo Hapo: Funzo la Ajali ya 2002 kwa Wasafiri wa Songwe

Asubuhi ya Juni 24, 2002, treni ya abiria yenye watu zaidi ya 1,200 ilikuwa ikipanda mlima karibu na Igandu na Msagali, mkoani Dodoma, kwenye Reli ya Kati. Breki zikashindwa, treni ikaanza kurudi nyuma, mteremko ukaizidishia kasi hadi ikaivaa treni ya mizigo. Watu 281 walifariki.

Songwe inapitiwa na reli nyingine, TAZARA, lakini milima ipo. Anayetoka Tunduma kwenda Dar es Salaam huteremka kutoka Makambako hadi Mlimba, njia ya madaraja na mahandaki.

Breki hufanyaje kazi?
Kwenye breki za hewa, bomba huunganisha kichwa cha treni na kila behewa. Behewa likikatika, hewa hutoka bombani na breki hujibana zenyewe, zikisukumwa na hewa ya akiba iliyo kwenye matangi ya behewa. Lakini hewa hiyo ya akiba ikivuja, breki hulegea. Ndiyo maana behewa linaloachwa mlimani hufungwa pia breki ya mkono, kwa kuzungusha usukani wake wa chuma hadi ukaze.

Ukiwa ndani ya treni
- Mzigo mzito uweke chini, si juu ya vichwa vya watu.
- Usikae mlangoni wala kwenye maungio ya mabehewa.
- Treni ikisimama porini, usishuke bila kuelekezwa.
- Ikienda mrama, usiruke. Keti au lala sakafuni, kinga kichwa, shika kitu imara.
- Ajali ikitokea, piga 112, au 114 kwa Zimamoto. Taja stesheni ya karibu na namba ya nguzo ya kilomita iliyo kando ya reli; waokoaji watakufikia upesi.

Ukivuka reli
- Treni ya mizigo yenye kasi inaweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja ili isimame. Dereva akikuona, huenda amechelewa.
- Dereva wa lori, foleni ya mpakani isikusimamishe juu ya reli. Subiri hadi ng'ambo kuwe na nafasi ya gari lako lote, pamoja na tela.
- Bodaboda, punguza mwendo, sikiliza, tazama pande zote mbili.
- Gari likizimika relini, shusha watu wote kwanza. Treni ikija, kimbieni mbali na reli, mkielekea upande inakotokea, ili vipande vya gari visiwafuate.