Mpagazi na Kibebachaji: Sitiari ya Njia ya Tabora katika Istilahi za Nusukipitishi

Makala haya yanachunguza iwapo neno mpagazi lafaa kuwa istilahi ya elektroni na matundu yasafirishayo umeme ndani ya nusukipitishi kama vile silikoni. Neno lenyewe lina mvuto. Limetokana na kitenzi -pagaa, yaani kubeba begani, nalo lilishamiri katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Tabora na kuendelea Ujiji, ambamo Wanyamwezi walisifika kwa uchukuzi kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912. Hamali wa bandarini hurudi kwake jioni. Mpagazi alikwenda miezi.

Sitiari hii huangaza vizuri suala la kudumu. Mwanga uingiapo katika seli ya jua, elektroni hung'oka na kuacha tundu. Katika silikoni ya aina-p elektroni hiyo ni mgeni miongoni mwa matundu mengi. Ikiangukia tundu kabla ya kukifikia kiungo cha aina-p na aina-n, haichangii umeme wowote. Katika silikoni iliyo safi kiasi, elektroni yenye muda wa kudumu wa mikrosekunde 1 husafiri mikromita 60 hivi. Uchafu wa chuma au dhahabu hufupisha muda huo, na dhahabu imewahi kutiwa kwa makusudi katika diodi zilizotakiwa kuzima haraka. Mpagazi aliyetoroka kabla ya Bagamoyo si mfano mbaya.

Tatizo ni mzigo. Mpagazi aliutua, akabaki yeye. Elektroni haiwezi kuitua chaji yake. Tundu ni gumu zaidi: ni ukosefu wa elektroni, lakini huhama kama chembe yenye chaji chanya kila elektroni jirani inapolijaza. Upatanisho wa kisarufi nao hupotosha, kwani ngeli ya A-WA humlazimu mwanafunzi kusema wapagazi "wamekufa", ilhali elektroni iliyoangukia tundu haifi, bali hukoma kuwa huru. Kibebachaji, kilichoundwa kwa kanuni ya kipimajoto, huepuka kosa hilo la pili, ingawa -beba bado yadokeza mzigo. Vivyo hivyo "muda wa kudumu" ni bora kuliko "umri".

Ama tukio lenyewe la elektroni kuangukia tundu, "kuungana upya" hakufai. Elektroni si lazima irudi katika tundu ililoliacha. Kwa kawaida hujaza jingine. "Ujazaji-tundu" husema hivyo wazi.